Mbegu Ghali ya Lusani: Je, Pesa Yako Itarudi?

Wafugaji wengi wanaotaka kupanda lusani, ambayo pia huitwa alfalfa, husita wanaposikia bei ya mbegu zilizoboreshwa. Lakini lusani si zao la msimu mmoja kama mahindi. Shamba likitunzwa vizuri, huvunwa miaka 3 hadi 5 kwa kupandwa mara moja. Kwa hivyo, gharama ya mbegu inafaa kugawanywa kwa miaka hiyo yote.

Tuchukue mfano. Ekari moja huhitaji takriban kilo 5 za mbegu. Tuseme kilo ya mbegu iliyoboreshwa inazidi ya kawaida kwa Sh2,000. Utalipa Sh10,000 zaidi. Ukivuna kwa miaka 4, hiyo ni Sh2,500 kwa mwaka. Robota la hei likiuzwa kwa Sh400, marobota 7 ya ziada kila mwaka yatarudisha pesa hizo. Kabla ya kuamua, piga hesabu hii kwa bei za eneo lako.

Ziada hiyo hutoka wapi? Hunter River, aina ya zamani kutoka Australia inayojulikana na wakulima wengi, hushambuliwa kwa urahisi na vidukari. Aina nyingi mpya zimezalishwa ili kustahimili wadudu na magonjwa, hivyo shamba hudumu na kuzaa zaidi.

Hata hivyo, mbegu bora haiokoi shamba lisilofaa. Lusani haipendi udongo wenye asidi wala maji yaliyotuama. Pima udongo kwanza. Ukiwa chini ya pH 6, weka chokaa ya kilimo. Pia, bila kunyunyizia maji, mavuno hupungua wakati wa kiangazi na faida hushuka.

Hasara nyingine hutokea wakati wa kukausha. Sehemu kubwa ya protini imo kwenye majani. Kata lusani inapoanza kutoa maua, epuka siku za mvua, na uigeuze asubuhi ingali na umande kidogo ili majani yasipukutike. Hei nzuri ya lusani huwa na protini ya takriban asilimia 18, na humpunguzia mfugaji gharama ya chakula cha dukani.

Wakulima wanashauriwa kuanza na robo ekari, kununua mbegu iliyoidhinishwa na KEPHIS, na kuzungumza na afisa wa ugani wa wadi yao kabla ya kupanda.