Palu, malaria, kolera: majina ya magonjwa Swima yalitoka wapi?

Huko Swima, kando ya ziwa Tanganyika katika teritware la Fizi, Kivu Kusini, mwenye homa na baridi husema ana palu. Ndugu yake aliyeishi miaka katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, huita ugonjwa uleule malaria. La kwanza limefupishwa kutoka Kifaransa, la pili Waingereza walilichukua Italia. Yote mawili yana kosa ndani yake.

Malaria ni maneno mawili ya Kiitaliano yaliyounganishwa: hewa mbaya. Palu inatoka neno la Kilatini lenye maana ya kinamasi. Zamani huko Ulaya, waliokaa karibu na maji yaliyotuama waliugua sana, nayo harufu ikalaumiwa. Mwaka 1897 daktari Mwingereza Ronald Ross, akiwa India, alikuta vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Kinamasi kilikuwa na lawama kidogo, maana mbu huzaliana humo. Hewa ilisingiziwa tu, na jina likabaki.

Kolera, ambayo wakaaji wa Fizi wanaijua vizuri mno, asili yake ni neno la Kigiriki la nyongo. Waganga wa kale walidhani anayehara na kutapika nyongo yake imezidi. Kumbe ni vijidudu vinavyoingia kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Hapo ndipo shida ilipo: jina hilo halimwambii mama achemshe maji ya ziwa, wala amkimbize mtoto kwenye kituo cha afya. Kolera inaweza kuua ndani ya masaa machache.

Mengine yameondoka huku kwenda kwa Waingereza. Chikungunya ni Kimakonde, tangu ugonjwa uzuke kusini mwa Tanzania mwaka 1952. Maana yake ni kujikunja, na kweli mgonjwa hujikunja kwa maumivu ya viungo. Ebola ni mto wa Kongo. Mwaka 1976 watafiti walichagua jina hilo ili aibu isiangukie kijiji cha Yambuku, palipokuwa na wagonjwa.

Ndui ya nyani nayo iliitwa hivyo kwa sababu ilionekana kwanza kwa nyani wa maabara huko Denmark, mwaka 1958. Novemba 2022, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilitangaza jina jipya, mpox, kwa kuwa la zamani lilikuwa likitumiwa kutukana watu.