Kuhesabu kwa Jina: Utangulizi wa Lahajedwali na Hifadhidata kwa Watumishi wa Kanisa

1. Utangulizi

Kila usharika hutunza kitabu cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa na cha mazishi, pamoja na daftari la mapato na matumizi. Kwa hiyo mchungaji au mwanafunzi wa theolojia anayeketi mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza si mgeni kabisa katika kazi ya kumbukumbu. Makala hii inakusudia kueleza vyombo viwili vya kompyuta vinavyoifanya kazi hiyo, yaani lahajedwali na hifadhidata ya kimahusiano, ambayo wengine huiita kanzidata. Mifano yetu tumeitoa katika Mkoa wa Kigoma, mahali ambapo kumbukumbu nzuri zimeleta elimu kubwa, na ambapo kumbukumbu mbovu zaweza kumtenga mtoto na wazazi wake.

2. Lahajedwali

Lahajedwali ni karatasi ya mistari na safuwima ndani ya kompyuta. Safuwima huitwa kwa herufi (A, B, C) na mistari kwa namba (1, 2, 3). Hivyo kila kisanduku kina anwani yake, kama vile B3. Programu ya kwanza ya namna hii kwa kompyuta ndogo, VisiCalc, ilitolewa mwaka 1979 na Dan Bricklin na Bob Frankston wa Marekani. Baadaye zikafuata Lotus 1-2-3 (1983) na Excel (1985).

Nguvu ya lahajedwali imo katika fomula. Tutazame mfano wa kweli. Tarehe 14 Julai 1960 Jane Goodall alifika Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, kuchunguza maisha ya sokwe. Miongoni mwa sokwe aliowajua kwa majina ni Fifi, binti wa Flo. Watoto sita wa Fifi walizaliwa katika miaka hii: Freud 1971, Frodo 1976, Fanni 1981, Flossi 1985, Faustino 1989 na Ferdinand 1992.

Andika majina katika safuwima A na miaka katika safuwima B, kuanzia mstari wa 2. Katika kisanduku C3 andika =B3-B2, nayo kompyuta itajibu 5. Ukiinakili fomula hiyo kuteremka hadi C7 utapata 5, 5, 4, 4, 3. Kisha andika mahali pengine =AVERAGE(C3:C7), nawe utapata wastani wa miaka 4.2 kati ya mtoto na mtoto. Ukirekebisha mwaka mmoja, hesabu zote zinazoutegemea hujirekebisha zenyewe. Ndiyo sababu lahajedwali hufaa sana kwa makisio ya bajeti na hesabu za sadaka.

3. Mahali lahajedwali inapopungukiwa

Taabu huanza pale ambapo kitu kimoja kinahusika na mambo mengi. Tuseme katika usharika wa Ujiji yupo msharika aitwaye Maria Yohana. Alibatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa, akabatiza watoto wanne. Kama yote haya yamo katika orodha moja, jina lake litaandikwa mara saba. Mara moja ataandikwa Maria Yohana, mara nyingine Mariamu Yohana, na baada ya ndoa ataandikwa kwa jina la mumewe. Kompyuta haijui kwamba hao ni mtu mmoja. Itahesabu watu watatu. Akihamia Kasulu, katibu atalazimika kusahihisha mahali saba, na akisahau pamoja orodha itajipinga yenyewe.

4. Hifadhidata ya kimahusiano

Tatizo hilo lilipatiwa msingi wa kulitatua mwaka 1970, pale Edgar F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, alipochapisha makala yake juu ya kupanga taarifa nyingi katika majedwali. Mafundisho yake yaweza kufupishwa hivi: kila aina ya kitu iwe na jedwali lake; kila mstari uwe na namba isiyorudiwa, iitwayo ufunguo mkuu; na jedwali moja lilitaje jingine kwa kutumia namba hiyo tu.

Turudi Gombe. Baada ya wanafunzi wanne kutekwa nyara hapo Mei 1975 na waasi waliovuka ziwa, kazi ya kila siku ya kuwafuata sokwe msituni iliendelezwa na watafiti Watanzania, nao waliandika waliyoyaona kwa Kiswahili. Maandishi hayo ya miaka mingi yamekuwa yakiingizwa katika hifadhidata huko Marekani. Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, lakini kumbukumbu hizo zimebaki na uchunguzi unaendelea.

Kwa kujifunza, tuwaze majedwali mawili tu. La kwanza ni la Sokwe: namba, jina, mwaka wa kuzaliwa, namba ya mama, namba ya baba. La pili ni la Maono: tarehe, mahali, namba ya sokwe aliyeonekana, na alichofanya. Jina la Fifi huandikwa mara moja tu, katika jedwali la kwanza. Siku zote alizoonekana hutajwa kwa namba yake. Tukitaka kujua wajukuu wa Flo, kompyuta hutafuta wote ambao mama yao au baba yao ana mama aitwaye Flo. Hakuna aliyeandika orodha ya wajukuu. Imepatikana kutokana na mahusiano.

5. Tupu si sifuri

Mama wa sokwe alijulikana kwa macho, lakini baba hakujulikana, kwa kuwa jike hupandwa na madume kadhaa. Safuwima ya baba ilipaswa kuachwa tupu. Mwaka 2001 wanasayansi walichapisha matokeo ya vipimo vya DNA vilivyotokana na kinyesi, na baadhi ya baba wakajulikana. Kama mtu angalikuwa amejaza kwa kukisia, kosa lake lingaliingia katika kila hesabu ya ukoo. Mwandishi mwaminifu huacha nafasi kwa ajili ya asichokijua.

6. Watu na namba zao

Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, na baada ya vita kuanza katika Zaire mwaka 1996, maelfu ya wakimbizi waliingia Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Mei 2015 Warundi wengi walikusanyika tena Kagunga, na meli ya MV Liemba ikawabeba mpaka Kigoma. Katika msongamano wa namna hiyo mtoto hupoteana na mama yake upesi. Mtoto akiandikwa Ndayizeye katika orodha moja, na mama akamtaja kwa karani mwingine aliyeandika Ndaizeye, orodha mbili zisizohusiana haziwezi kuwakutanisha. Lakini mahali ambapo kila mtu ana namba yake, na namba hiyo imefungamana na ya kaya, kijiji alikotoka na majina ya wazazi, kosa la herufi moja halifungi mlango wote.

Hata hivyo, chombo kinachomtafuta aliyepotea chaweza pia kumfichua aliyejificha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inadai taarifa za watu zilindwe. Kwa mchungaji wajibu huu ni wa zamani kuliko sheria hiyo: aliyoyasikia katika maungamo hayana safuwima.

7. Hitimisho

Ndugu msomaji anayeanza atumie lahajedwali kwa fedha, na hifadhidata kwa watu. Achore kwanza majedwali yake kwa kalamu: Washarika, Ubatizo, Ndoa. Ampe kila msharika namba moja ya kudumu, aache tupu asichokijua, na atunze nakala ya pili mahali pengine. Namba ya msharika haichukui nafasi ya jina lake. Kazi yake ni kulilinda jina hilo, ili Maria Yohana aliyebatizwa, aliyeolewa na aliyehama aendelee kujulikana kuwa ni yeye yule.