Risasi Ndogo ya Karamojo Bell

Kuna fuvu moja la tembo ambalo, tangu nisome habari zake, halijanitoka akilini. Walter Bell, Mskoti aliyezaliwa 1880 na kubandikwa jina la "Karamojo" kwa safari zake za kusaka pembe huko Karamoja, Uganda, aliagiza lipasuliwe kwa msumeno, mbele hadi nyuma, ili aone ubongo unakaa wapi. Akauona: umejificha nyuma kabisa, usawa wa matundu ya masikio, na mbele yake pamejaa mfupa wenye vijumba kama sega la nyuki. Bell alikuwa pia mchoraji, akauchora. Akajifunza kuulenga kwa ubavuni, kwa mbele, hata kwa nyuma kimshazari, risasi ipenye misuli ya shingo mpaka ubongoni.

Wawindaji wengine wa tembo walibeba bunduki nzito, baadhi zikitema risasi za karibu gramu 50. Yeye alipenda ya milimita 7, iliyobuniwa kwa ajili ya askari, ambayo risasi yake ina gramu 11 hivi. Alishikilia kwamba risasi ndefu ya ncha butu, yenye ganda gumu, hupita mfupani bila kupinda. Na kwamba bunduki nyepesi haimchoshi mtembea kwa miguu wala haimtii hofu ya kupigwa bega kabla hajafyatua. Kwake yeye, kinachomwangusha mnyama ni mahali risasi inapofika, si unene wake. Aliua tembo zaidi ya 1,000.

Akili hiyo naiheshimu. Tembo wale nawahurumia. Waliokoswa ubongo walikwenda kufia wapi? Na Pyjale, Mkaramojong aliyemsaidia kufuata nyayo za tembo, angesemaje kuhusu bunduki ile?

Baadaye, nyumbani Uskoti, Bell aliwinda kulungu wekundu kwa bunduki ya .220 Swift, iliyotoka Marekani mwaka 1935: risasi ya gramu 3 tu, kasi yake ikizidi mita 1,200 kwa sekunde. Akaisifu sana. Hapo ndipo ninaposita. Risasi nyepesi na ya mbio kiasi hicho hupasuka upesi. Ikigonga mfupa wa bega yaweza kusambaratika kabla ya kufika mapafuni, na kulungu akatokomea na kidonda. Bell alijua pa kuipitisha. Je, mwindaji wa kawaida, mlimani, upepo ukivuma na mnyama akigeuka ghafla?

Sheria haiwezi kupima mkono wa mtu, kwa hiyo hupima risasi, nami naona ni haki. Uingereza, Sheria ya Kulungu ya 1991 inadai mtutu usiopungua inchi 0.240. Uskoti ilidai tangu 1985 risasi ya gramu 6.5 kwa kulungu mwekundu, ikashusha hadi gramu 5.2 mwaka 2023 ili kuzipisha risasi za shaba, ambazo ni nyepesi kuliko za madini ya risasi. Hata baada ya kushushwa huko, ile ya gramu 3 aliyoisifu Bell hairuhusiwi.