Gereji Kuwa Karakana: Anza na Hewa, Si na Nyundo

Katika nyumba za zamani za Entebbe na Jinja, zilizojengwa kabla ya uhuru wa mwaka 1962, na hata katika zile ambazo askari wamejijengea miaka ya karibuni, mara nyingi gereji huwa makao ya magurudumu makuukuu, magunia matupu na panya. Ilhali chumba hicho chenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 6 hivi chaweza kumpa bwana au bibi wa nyumba mahali pa kufanyia uraibu wake, uwe ni useremala, ushonaji au utengenezaji wa redio na baiskeli. Mtu anayeishi kwa zamu na amri huhitaji saa chache ambazo mikono yake hufanya kazi kwa hiari, na yule anayekaribia kustaafu huzihitaji zaidi.

Ndugu msomaji, watu wengi huanza kwa kununua zana. Huo si mpango mwema. Karakana hutayarishwa kwanza kwa ajili ya mwili wa mfanyakazi, yaani mapafu, macho, mgongo na vidole vyake. Zana hufuata baadaye. Yafaa fedha zitumike kwa utaratibu huo huo.

Kabla ya yote, anayekaa katika nyumba ya serikali hana budi kupata kibali cha maandishi kabla ya kutoboa ukuta au kugusa nyaya. Tena, ikiwa paa ni la mabamba ya kale ya saruji yenye asbesto, lisikatwe wala kutobolewa, kwa maana vumbi lake huleta saratani.

HEWA

Gereji ilijengwa kulaza gari. Haikujengwa ili binadamu ashinde humo. Kwa hiyo fungua matundu katika kuta mbili zinazoelekeana, mengine karibu na sakafu na mengine chini ya paa, yote yazibwe kwa wavu. Hewa ya moto itapanda na kutoka juu. Mvuke wa petroli, ulio mzito kuliko hewa, hutambaa chini, nao utapata njia. Hata hivyo dumu la petroli lisiwekwe humo kamwe, kwani mvuke wake huweza kuwaka hata wakati wa baridi, na cheche moja ya swichi yatosha.

Umeme unapokatika, wako watu wanaowasha jenereta ndani ya gereji na kuacha mlango wazi kidogo. Kufanya hivyo ni kuita mauti. Moshi wa injini, pamoja na hewa itokayo katika jiko la makaa, una kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu husinzia asiamke tena. Jenereta ikae nje, umbali wa mita 6 au zaidi kutoka madirishani na milangoni.

Vumbi la mbao nalo lisidharauliwe. Mwaka 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliliweka miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vaa barakoa, pasua mbao nje inapowezekana, na nyunyiza maji kabla ya kufagia.

MWANGA NA JOTO

Nchi yetu ya Uganda imepitiwa na mstari wa ikweta. Asubuhi na jioni jua huchoma kutoka mashariki na magharibi. Adhuhuri hupita karibu na utosi. Dirisha linalotazama kaskazini au kusini ndilo litakalokupa mwanga mtulivu usioumiza macho. Weka dari chini ya bati, na bati lenyewe ulipake rangi nyeupe juu ili lirudishe joto. Kuta pia zipakwe nyeupe. Taa ining'inie mbele ya mfanyakazi, upande wa kushoto kwa atumiaye mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisifunike kazi.

SAKAFU NA UMEME

Mafuta yaliyomwagika sakafuni yafunikwe kwa majivu au unga wa mbao, yafagiwe, kisha pasuguliwe kwa sabuni; petroli isitumiwe kusafishia. Ili kujua kama sakafu ina unyevu, bandika kipande cha nailoni kwa siku nzima. Ukikuta maji chini yake, usilaze mbao wala chuma hapo, hasa majira ya masika. Mbao zipangwe juu ya vigingi vya chuma, ili mchwa asipate njia ya siri.

Nyaya zifungwe na fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti Umeme. Mwombe aweke waya wa ardhini, pamoja na swichi ya kinga ya miliamperi 30 ikatayo umeme mara unapovuja. Soketi ya amperi 13 katika umeme wa volti 240 isibebeshwe zaidi ya wati 3,000. Basi msumeno wa mota na pasi visishirikiane soketi moja. Waya wa kuongezea ufunguliwe wote, kwa sababu ukiachwa umejiviringa hupata moto.

MEZA NA ZANA

Simama wima, mikono ikining'inia. Meza ya randa ifike kwenye kifundo cha mkono, na kwa watu wengi hiyo ni sentimita 85 hadi 95. Meza ya redio au kazi ndogondogo iwe juu zaidi, ili usiiname. Upana wa sentimita 60 watosha. Chini ya miguu tandika kipande cha mpira mnene, nao mgongo utakushukuru.

Kuhusu zana, askari hahitaji kufundishwa. Katika ghala la silaha kila kitu kina mahali pake, na kilichokosekana hugunduliwa mara moja. Tundika msumeno, nyundo na koleo juu ya ubao, kisha chora umbo la kila zana nyuma yake. Ukaguzi wa jioni utakuwa wa dakika moja tu.

WATOTO

Patasi na keekee zifungiwe sandukuni. Rangi, mafuta ya taa na tapentaini visitiwe kamwe katika chupa ya soda, kwani mtoto mwenye kiu haulizi. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yaanikwe nje yakiwa yametandazwa, kwa sababu yakirundikwa huweza kujiwasha yenyewe.

Hata hivyo usimfukuze mtoto. Mpe kibao chakavu na kipande cha msasa, umweke upande wa dirisha, mbali na nyaya. Mzee anayefanya kazi penye hewa safi na mwanga hatakuwa na haja ya kutafuta burudani mbali na nyumbani, na wanawe watajifunza ufundi huku wakimtazama. Mbali na hapo, nyundo nzuri utainunua mwezi ujao.