"Namba Batili" au "Namba Haijakamilika"?

Fomu nyingi za huduma za umma siku hizi hujazwa katika tovuti, na kompyuta ndiyo inayokagua majibu badala ya karani. Ukaguzi huo tunauita uhakiki. Wafasiri wa fomu hizo aghalabu huzingatia maana ya ujumbe wa kosa, lakini husahau wakati unapotokea. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba wakati huo ndio unaoamua neno lifaalo.

Tuchukue mfano wa namba ya kitambulisho cha taifa nchini Tanzania, yenye tarakimu 20. Fomu ikihakiki kila tarakimu inapoandikwa, mwananchi huandika ya kwanza tu na mara huona maneno mekundu: "Namba batili". Neno batili lina uzito wa kisheria, kama katika mkataba batili au ndoa batili. Alisomaye aweza kudhani kwamba kitambulisho chake kimefutwa, kumbe zimesalia tarakimu 19.

Uhakiki waweza kufanyika katika nyakati tatu: mtu anapoandika, anapotoka katika nafasi aliyojaza, na anapowasilisha fomu nzima. Katika jaribio la watu 22 lililochapishwa mwaka 2009, Luke Wroblewski alionyesha kwamba watu walijaza upesi zaidi walipopewa ujumbe baada ya kumaliza jibu kuliko walipopewa wakiwa bado wanaandika. Mafundi nao wamepata nyenzo: kufikia mwisho wa mwaka 2023 vivinjari vikuu vilikuwa vimekubali kanuni ya mtindo inayongoja mpaka mtumiaji ajaze nafasi na kuiacha, ndipo iitie alama ya kosa.

Kiswahili kina hazina yake katika jambo hili, nayo ni kiambishi -ja-, kinachoeleza tendo ambalo bado linatazamiwa. Hivyo basi, tunapendekeza:

(a) Mtu anapoandika: "Namba haijakamilika", au kimya.
(b) Anapotoka katika nafasi: "Umeandika tarakimu 18, zinahitajika 20." Akisharekebisha, ujumbe uondoke papo hapo.
(c) Anapowasilisha: "Fomu haikupokelewa. Rekebisha nafasi 2 zilizotiwa alama."

Neno batili libaki kwa kile kilichotanguliwa na mamlaka husika. Tunawaomba wafasiri, kabla ya kuandika ujumbe wowote, wamwulize fundi swali moja: utatokea lini?