Isebania: Mlango wa afisa uko darasani

Kuria ni nchi ya askari. Tangu enzi za King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza, wanaume wa huku wamevaa sare kwa wingi, na ng'ambo ya mpaka, mkoani Mara, Tanzania, ni vivyo hivyo. Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliingia KAR mwaka 1942 akiwa askari wa kawaida, akaja kuwa Mkuu wa Majeshi ya Tanzania kuanzia 1980 hadi 1988. Siku hizi njia ya kupanda hivyo kutoka chini ni nyembamba mno.

Ndiyo maana inaniuma kumwona kijana wa Isebania mwenye B yake ya KCSE akishindana mbio uwanjani kutafuta nafasi ya ukuruta, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuhusu ukadeti, njia ya kuingia jeshini kama afisa. Matangazo ya miaka ya karibuni yametaka kadeti wa kawaida awe na umri wa miaka 18 hadi 26, wastani wa B, na angalau C+ katika Kiingereza, Hisabati na sayansi moja. Aliyekwisha kupata shahada, awe daktari, mhandisi au mwanasheria, huomba kama afisa mtaalamu. Wote hunolewa katika chuo cha kijeshi cha Lanet, Nakuru, na Rais mwenyewe huwatunuku kamisheni. Kwa hiyo anayesoma Chuo Kikuu cha Rongo au cha Tom Mboya, Homa Bay, asidhani jeshi limempita.

Wasichana nao wasiachwe. Fatuma Ahmed aliingia jeshini mwaka 1983, na mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza Kenya kufikia cheo cha Meja Jenerali. Huku kwetu, likizo ya Desemba bado huwapeleka wasichana kwenye ukeketaji, kisha kwenye ndoa. Binti aliyeozwa akiwa kidato cha pili hawezi kufika Lanet, hata awe hodari vipi wa Hisabati.

Tena hapa ni mpakani. Mwenye shangazi Sirari, upande wa Tanzania, na cheti cha kuzaliwa kilichochelewa ajue kwamba jeshi hutaka kitambulisho cha Kenya. Wazazi, shughulikieni stakabadhi mtoto angali shuleni.

Maombi ya ukadeti hutumwa kwa tovuti ya jeshi, bila malipo. Anayekudai pesa akuingize ni tapeli. Usiuze ng'ombe, mripoti polisi.