Neno la Kuombea

Mwingereza aombapo chai hutia neno "please", nasi twalifasiri "tafadhali". Lakini Kidenishi hakina neno moja la kulingana nalo. Mdenishi husema "tak", yaani asante, akishukuru kabla hajapewa. Au huuliza kwa upole kama aweza kupewa. Je, hana adabu? Hasha!

Hapa Bukoba na Muleba, Mhaya humwambia aliyemtendea jema "wakola", maana yake "umetenda". Na shukrani yote imo.

Basi, waalimu na wazazi, mfasiripo msitafute neno tu, tafuteni na moyo wake. Na mtoto asiyesema "tafadhali" msimkemee upesi: huenda ameomba kwa adabu ya lugha ya mama yake.